Pesa za Kuonyesha

Pesa zilikuwepo, na hilo ndilo linalokera. Asije mtu akawaambia kwamba familia ile haikuwa na kitu. Kwa mwezi ule Fundi mwashi, mwenye viatu vilivyochanika ubavuni, na mkewe anayefua na kupiga pasi nguo za watu, walikuwa na pesa benki kuliko nyumba nyingine yoyote ya mtaa ule, ukimtoa mwenye mashine ya kusaga. Ila walikuwa hawaruhusiwi kuzigusa.

Zilikuwa pesa za mjomba, kaka yake mama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Binti wa Fundi alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo. Chuo kilikubali kulipa ada yote, lakini ubalozi haukutaka mgeni wa kwenda kuombaomba huko. Ulitaka mzazi aonyeshe akaunti iliyoshiba, na pesa ziwe zimekaa humo mwezi mzima bila kutikisika. Hayo yalielezwa na Wakala, kijana mwenye suti moja na ofisi juu ya duka la simu, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alijua hata balozi anakunywa nini asubuhi.

"Kuingia ziingie kwa mkupuo," Wakala aliwaambia. "Kutoka, zisitoke. Hata ya kununulia kiberiti. Wale watu wakiona leo imeshuka, kesho imepanda, wanajua ni pesa ya kuazima. Unagongwa muhuri wa kukataliwa, na ule haufutiki maisha."

"Si ni ya kuazima kweli?" Fundi aliuliza.

"Mzee wangu, hilo tunalijua sisi tuliomo humu ndani."

Mjomba alicheka mpaka kiti kikalia. "Shemeji, sikupi mimi. Pesa zangu zinakuja kulala kwako tu. Mwezi ukiisha zinarudi kwao."

Basi zikaingizwa kwenye akaunti ya Fundi. Kadi ya benki ilikaa kwa binti, maana vidole vya Fundi vilikwisha kuliwa na saruji hata mashine ikawa haielewi anabonyeza nini. Namba ya siri aliijua binti peke yake. Mtaa mzima ulikuwa umeshamwita Nesi kabla hata hajapanda ndege, na aliyeanzisha mchezo huo ni baba yake. Huko kazini alikuwa akiwaambia mafundi wenzake, "Jichomeni misumari mnavyotaka, Nesi wangu anakwenda kusoma." Wenzake walichoka kumsikia.

*

Fundi alikuwa na ngiri ya miaka. Aliifunga kwa kipande cha shuka kuukuu, akakaza, akaenda kazini. Ikitoka aliisukuma ndani kwa kiganja akaendelea kupanga tofali, na aliyemwambia akapasuliwe aliambiwa, "Nikishampeleka huyu mtoto."

Siku hiyo ilitoka ikakataa kurudi. Aliinama kunyanyua tofali, akabaki ameinama. Mafundi wawili walimleta nyumbani wamemshika makwapani, na mmoja akamkabidhi mama ujira wa siku. Mama akautazama mkononi.

"Mbona nusu?"

"Msimamizi kasema alianguka kabla ya saa sita."

Fundi alilazwa kitandani, amekunja magoti, jasho linamtiririka. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliyapima. Aliwaita mkewe na bintiye wakae karibu.

"Sikilizeni nikiwa na akili zangu. Zile pesa zisiguswe. Imebaki wiki tu. Hata nikilia zisiguswe. Mtu akiumwa anasema mengi, msinisikilize."

"Baba, acha kusema hivyo," Nesi alisema.

"Niahidi."

Nesi akaahidi. Kuahidi kulikuwa rahisi, maana ndicho alichokuwa akitaka kukisikia. Aliona haya kwa kukitaka, lakini alikitaka.

*

Asubuhi Fundi alikuwa anatapika maji ya kijani. Wakamkodia bajaji mpaka hospitali kubwa. Tabibu wa zamu, mwanamke mwembamba mwenye usingizi machoni, alimgusa mara moja tu.

"Utumbo umenasa kwenye tundu la ngiri. Unakosa damu. Apasuliwe leo, si kesho. Mmesikia? Ukioza humo ndani ukapasuka, tutakuwa tunasema mengine."

"Leo, daktari. Hata sasa hivi," mama alisema.

"Lete risiti ya malipo ya kwanza, tunamwingiza."

Kwenye dirisha la malipo, keshia alitaja kiasi bila kuinua uso. Mama akadhani amesikia vibaya, akaomba arudiwe. Keshia akarudia kwa sauti ya juu, na foleni nzima ikajua mama yule hana.

"Mwanangu, mpokeeni kwanza. Sisi hatukimbii."

"Wote wanasema hawakimbii, mama. Pisha wengine."

Mama alizunguka mji kwa miguu. Alianza kwa wateja wake wa nguo. Wa kwanza alikuwa na deni lake la miezi miwili, lakini alipogongewa mlango alimtuma mtoto aseme hayupo, na mtoto akasema, "Mama anasema hayupo." Wa pili alimkaribisha, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbusha lile shati la mumewe lililoungua kola. Wa tatu alimpa kiasi cha kulipia bajaji na akamwomba asimwambie mtu, asije akapangiwa foleni mlangoni.

Kwa kaka yake alifika miguu imevimba. Mjomba hakumfukuza. Alimkalisha juu ya mfuko wa saruji.

"Dada, angalia rafu zangu. Umeona kitu? Pesa zangu zote za kuzungusha ziko kwa mumeo. Mkitaka kuzitoa, zitoeni. Ni mgonjwa, mimi ni nani niseme hapana? Ila mjue mwezi unaanza upya, na chuo hakiwasubiri. Amueni wenyewe."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi sina mtoto anayesafiri," mjomba alisema, akanyanyuka kumhudumia mteja wa rangi.

Alisema kweli, na ukweli ule ulimkera dada yake kuliko kama angemtukana.

*

Mama alipowakuta tena hospitali, Fundi alikuwa kwenye benchi la korido, kichwa mapajani kwa bintiye. Tumbo lilikuwa limejaa, gumu. Watu walipita wakikwepa miguu yake. Mama alipoinama tu, Fundi alimshika kanga akaivuta.

"Mke wangu, nimeshindwa."

"Jikaze, baba Nesi."

"Nimejikaza mpaka nimefika mwisho. Yale niliyosema jana nimeyafuta. Nayafuta mbele yenu wote wawili. Akachukue. Nesi, nenda kachukue, mama. Utasoma mwaka kesho. Nakuomba."

Alikuwa hajawahi kumwomba mtoto wake kitu maishani. Alikuwa akimtuma. Mama aligeuka upande wa ukuta asionekane machozi, kisha akamwambia binti, "Umesikia. Kimbia."

Nesi alikimbia, hilo asinyimwe. Alikimbia mpaka kwenye mashine ya kutolea pesa iliyokuwa nje ya geti la hospitali. Mbele yake alikuwepo mtu mmoja tu, muuza mkaa, anayemuuzia mama yake mkaa wa pasi. Akamsalimia, maana alilelewa kusalimia.

"Shikamoo."

"Marahaba, Nesi wetu. Mbona unahema? Safari lini?"

"Bado kidogo."

Muuza mkaa akachukua pesa zake, akazihesabu kwa kulowanisha kidole, akamtakia heri, akaondoka.

Nesi akachomeka kadi, akabonyeza namba. Salio likatokea kwenye kioo, nene, zima, namba zake zimepangana vizuri. Mashine ikamuuliza anataka kiasi gani. Akakitazama kioo. Alijua kilichokuwa kinatokea ndani ya tumbo la baba yake, maana vitabu vya shule alivisoma na picha ya utumbo alikuwa akiichora kwa kichwa. Lakini alijua pia kwamba nafasi ile aliipata yeye kati ya mamia, kwamba hakuna chuo kinachomngoja mtu, na kwamba mwaka kesho ni jina tu la kumliwaza mtoto. Akajiambia dawa ya maumivu wamempa. Akajiambia mjomba usiku atalainika, kesho asubuhi pesa itapatikana kwingine. Akajiambia, baba mwenyewe alisema tusimsikilize.

Mashine ikamuuliza tena kama yupo. Akabonyeza kughairi. Kadi ikatoka, akaifutia kwenye sketi na kuitia mfukoni. Kurudi hakukimbia.

"Mashine imegoma," alisema. "Hakuna mtandao."

"Ile nyingine, ya kule sokoni?" mama aliuliza.

"Zote, mama. Nimeuliza. Mtandao wa benki wenyewe ndio umekatika. Wanasema mpaka kesho."

Mama alimtazama. Alimtazama kwa muda, halafu akaketi sakafuni. Fundi ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili.

"Basi. Usilie, Nesi. Si kosa lako. Ni mashine."

*

Hakulala mtu. Alfajiri Fundi akasema maumivu yamekwisha kabisa, akatabasamu, na mama akadhani amepona. Muuguzi aliyekuwa anapita alisikia neno hilo akasimama, akampapasa tumbo, akapiga kelele kuita machela. Wakamwingiza chumba cha upasuaji bila risiti, bila keshia, bila mtu kuuliza chochote. Kumbe inawezekana. Ila waliyemfungua alikuwa amekwisha kupasuka ndani tangu usiku, na hawakuwa na la kumfanyia.

Mama aliletewa kandambili za mumewe na kile kipande cha shuka. Alilia pale pale koridoni, akagaagaa chini mpaka akazuiwa. Nesi alisimama ameshika mfuko wa sketi yake, kadi ndani, na watu wakamhurumia wakasema mtoto amekufa ganzi.

Msibani majirani walipitisha beseni. Kila mtu alitia alichonacho: mwenye mashine ya kusaga, mafundi wenzake, hata yule mteja wa shati lililoungua. Maskini ya Mungu wale, wanajinyima wamnunulie sanda mtu mwenye salio kuwazidi wote. Mama alipokea beseni kwa mikono miwili akashukuru. Nesi alikuwa ndiye wa kuzihesabu, na alizihesabu.

Mjomba alimvuta dada yake nyuma ya nyumba.

"Najua si wakati wake. Lakini benki isiambiwe. Ikijua mwenye akaunti kafa, inaifunga, na pesa zangu zinakwenda mahakamani kutafuta warithi. Na ubalozini mdhamini ni yeye. Kwa karatasi zao Fundi yu hai mpaka tutakaposema sisi."

"Kwa hiyo nimlie au nisimlie?"

"Mlie, dada. Mlie humu ndani."

Jioni hiyo muuza mkaa alileta gunia zima, akakataa malipo. Aliketi na mama pembeni wakazungumza kidogo, akaaga. Baada ya hapo mama alinyamaza. Watu walisema amejikaza, wakampongeza.

Mwezi ukatimia. Wakala, mwenye mtu wake benki, alileta taarifa ya akaunti ndani ya bahasha kubwa nyeupe, imefungwa kwa gundi, na muhuri mwekundu umepigwa juu ya mdomo wa bahasha. "Msiifungue," alionya. "Muhuri ukivunjika imeharibika. Aifungue ofisa wa ubalozi mwenyewe." Na siku ileile mjomba akaanza kuhamisha pesa zake kurudi kwao. Nesi alisimama naye kwenye mashine, ile ile ya nje ya geti, akimbonyezea namba. Mashine ilitoa noti kila siku bila kigugumizi mpaka zikaisha.

*

Ubalozini waombaji wa viza waliingia kwa kupekuliwa. Waliambiwa wavue mikanda, wavue viatu, waache simu, waache hata chupa ya maji. Mzee mmoja mwenye tai aliizuia suruali isimdondoke kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akawa ameshika vyeti vya mwanawe. Walikaa kwenye viti vya chuma vilivyofungwa sakafuni na walisikia kila neno lililosemwa madirishani, maana ofisa alikuwa nyuma ya kioo na walioitwa walilazimika kupaza sauti. Kwa hiyo kila aliyekataliwa alikataliwa mbele ya watu. Msichana wa kabla ya Nesi aliulizwa maswali mawili, akarudishiwa pasipoti yake kwa kusukumiwa chini ya kioo, akasema asante.

Nesi aliitwa kwa namba. Ofisa alikuwa kijana, pua imepauka kwa jua, na Kiswahili cha darasani kisicho na kosa.

"Utasoma nini?"

"Uuguzi."

"Kwa nini uuguzi?"

Jibu hilo Wakala alimfundisha, na alilikariri mpaka kwenye usingizi. "Nataka kuokoa maisha ya watu wa kwetu."

"Vizuri. Nani atagharamia kuishi kwako?"

"Baba yangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Ni fundi mwashi. Anajenga."

"Mwaka huu anajenga nini?"

Nesi akafikiria ukuta ambao baba yake aliuacha na pengo la tofali moja siku ile alipoinama asiinuke. "Nyumba ya ghorofa," alisema. "Inakaribia kwisha."

"Lazima anajivunia sana."

"Sana."

Ofisa akaandika. Nesi akapitisha bahasha chini ya kioo, ikakwama ukingoni. Ofisa aliinua jicho akaiona, akairudisha kwa ncha ya kalamu.

"Hiyo sihitaji."

"Ni taarifa ya benki. Ya baba. Pesa zimekaa mwezi mzima, hazijaguswa."

"Sawa, nimekuamini. Chuo chako tunakijua." Akapiga muhuri wake. "Umepata. Njoo Ijumaa uchukue pasipoti. Anayefuata!"

Nesi hakuondoka. "Tafadhali, ifungue tu uiangalie."

"Dada, nimesema umepata," ofisa alisema, sasa kwa kuchoka. "Anayefuata."

Waliokuwa nyuma walimtazama kwa wivu. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba wenye bahati nao huwa hawajui kushukuru.

*

Mama alikuwa anapiga pasi. Pasi ya mkaa ilikuwa imekolea, na marundo ya nguo za watu yalikuwa yamejaa kitanda alicholazwa Fundi. Nesi alisimama mlangoni.

"Wamenipa, mama."

Mama aliweka pasi juu ya kigae chake, akajifuta mikono. "Mungu mkubwa," alisema. Alisema kweli, kwa moyo, na akamshika binti yake usoni kwa viganja vya moto. "Na zile karatasi za baba yako walizisoma?"

Nesi alikuwa amejiandaa njia nzima kusema kweli. Akauona uso ule.

"Walizisoma, mama. Ukurasa kwa ukurasa. Ofisa akasema baba ni mtu makini."

"Alisema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Nipe niziweke. Jina lake limo humo."

Nesi hakuwa na la kufanya ila kutoa bahasha mkobani. Mama aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Muhuri mwekundu ulikuwa palepale, nusu yake juu ya mdomo wa bahasha na nusu chini, haujakatika popote. Mama hakusoma sana, ila miaka yote alikuwa mtu wa kufungua vifungo vya nguo za wengine, na kilichofunguliwa na kisichofunguliwa alivijua. Akapitisha kidole gumba juu ya muhuri.

"Na siku ile mashine iligoma," alisema.

Nesi aliutazama ule muhuri.

"Muuza mkaa alikuwa mbele yako kwenye foleni. Msibani alikuja kukusifia kwangu: binti yako ana adabu, na haraka zake zote aliniamkia. Nikamuuliza kama mashine ilikuwa inatoa pesa. Akasema, mama, ilitoa vizuri tu."

"Mama..."

"Sijakuuliza."

"Kwa nini hukuniuliza siku ileile?"

"Ningekuuliza ungenijibu. Ukinijibu, ningekufukuza humu ndani. Halafu ningebaki bila mume, bila mtoto, na hiyo safari yenyewe isingekuwepo." Aliisogeza pasi kwenye kigae chake. "Nilitaka uende. Hata pale koridoni nilitaka uende. Nilikuona unavyorudi unatembea, na nikakaa chini."

Nesi alipiga magoti, akamshika mama yake miguuni, akalia kilio ambacho hakukilia msibani. Mama alimwacha alie. Hakumgusa kichwa na hakumsukuma. Alipoona amechoka, aliketi kando yake, akamwekea bahasha mkononi.

"Itie kwenye sanduku lako. Ukifika huko, uifungue uisome."

"Mama, sitaweza."

"Utaweza. Walau mtu mmoja aisome."

Kisha akanyanyuka, akapuliza majivu kwenye pasi, akaendelea na shati la mteja aliyesema atalipitia kabla ya saa kumi.